Kadi, Karata na Karatasi: Je, Jina Lililochapishwa Bado Lina Kazi?



Mwaka jana, mwishoni mwa kongamano moja la lugha, nilimpa mshairi kijana kadi yangu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza upande wa pili, akauona mtupu, kisha akatoa simu yake, akaipiga picha na kunirudishia. “Nimeshakuhifadhi, mwalimu,” aliniambia. “Hii mpe mwingine, zisije zikakuishia.” Hakukusudia kunivunjia heshima. Alidhani amenisaidia kubana matumizi. Nami nilirudi nyumbani na kadi yangu mfukoni na swali moyoni: je, katika zama hizi za simu, kadi ya karatasi yenye jina la mtu ingali ina faida katika kujuana na watu, au tunaibeba kwa mazoea tu, kama mzee anayebeba mwavuli wakati wa kiangazi?

Wafanyabiashara wana majibu yao, na sitaki kuwaingilia. Mimi ni mtu wa lugha na mashairi. Nikipotewa na njia, huyarudia maneno na historia yake. Nakuomba tufuatane.

Ukoo mmoja, bandari tatu

Wagiriki wa kale walikuwa na neno khartes, yaani jani la kuandikia lililotengenezwa kwa mafunjo. Ni mafunjo haya haya yanayoota kandokando ya Mto Nile na katika mabwawa ya maziwa yetu makuu. Neno hilo lilisafiri sana, na katika safari zake lilitia nanga kwetu mara tatu, kila mara likiwa limevaa vazi jingine.

Mara ya kwanza lilikuja kwa njia ya Kiarabu. Waarabu waliliita qirtas, na kwa umbo hilo limo katika Qurani, katika Sura ya Al-An‘am. Waswahili wakalipokea na kuliita karatasi. Lilikuja pamoja na elimu, hati na nyaraka, na kwa karatasi hiyo watu wa pwani waliandikiana kwa herufi za Kiarabu. Zipo barua za Kiswahili za mwanzoni mwa karne ya 18 ambazo zimehifadhiwa hadi leo huko Goa, India.

Mara ya pili lilikuja na Wareno, ambao walifika pwani yetu mwaka 1498 na kutolewa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Kwao carta ilikuwa barua, na pia ilikuwa kipande cha mchezo. Barua sisi tulikwisha kuwa nayo, kwa hiyo tukachukua mchezo, ndiyo karata. Pamoja nayo tukachukua kopa, shupaza, uru na turufu, maneno ambayo wazee wa barazani huyatamka kila jioni bila kukumbuka kwamba wanazungumza mabaki ya Kireno.

Mara ya tatu lilikuja kwa Kiingereza, nalo likawa kadi. Hili ni neno la ofisi: kadi ya kliniki, kadi ya mwaliko, kadi ya mchango wa harusi, kadi ya chama. Basi karatasi, karata na kadi ni ndugu watatu wa bibi mmoja, waliozaliwa bandari mbalimbali. Chati, katuni na katoni nao ni wa ukoo huo huo, ijapokuwa hawafanani sura.

Kati ya ndugu hao, kadi ndiye aliyejipatia nahau nzito katika siasa. Tunasema fulani amekata kadi, yaani amejiunga na chama. Na akikihama, tunasema amerudisha kadi. TANU ilipoasisiwa tarehe 7 Julai 1954, kukata kadi hakukuwa kununua kipande cha karatasi. Kulikuwa ni kujitaja, tena mbele ya serikali ya kikoloni iliyokuwa ikitazama. Aliyeandikwa jina katika kadi ile alikuwa amesema: mimi ni fulani, na hapa ndipo niliposimama. Tuliweke akilini jambo hili la kujitaja, maana ndilo nitakalolirudia.

Kabla ya karatasi

Desturi ya kutanguliza jina ni kongwe kuliko kadi yenyewe. Mwaka 1984, katika mji wa Ma’anshan nchini China, lilifukuliwa kaburi la Zhu Ran, jemadari wa dola ya Wu aliyefariki mwaka 249. Pamoja na vyombo vya thamani, mlikuwamo vibao vyembamba vya mbao 14 vilivyoandikwa kwa wino. Vilikuwa kadi zake. Maandishi yake yanataja mahali atokako, yanataja jina lake, yanasema kwamba anainama kwa heshima na kumjulia hali mwenyeji, kisha yanataja jina lake la heshima, Yifeng, ambalo sisi tungeliweka karibu na lakabu.

Naomba mshairi alitazame jambo hili vizuri. Mji, jina, salamu, lakabu. Hakuna cheo kilichotangulizwa wala bidhaa inayotangazwa. Kadi ile ilikuwa hodi ya maandishi. Mtumishi aliipeleka ndani, mwenyeji akaisoma, akaamua kumpokea mgeni au kutompokea. Na jina la Kichina la kadi hiyo, ambalo Wajapani walilichukua na kulitamka meishi, linaanza kwa herufi yenye maana ya “jina”. Sisi tumezoea kusema “kadi ya biashara”, hata pale mwenye kadi hana biashara yoyote. Napendekeza tuiite kadi ya jina. Wenye maoni mengine nawaalika.

Katika karne ya 18, London ilikuwa na kadi za namna nyingine. Mchoraji William Hogarth, alipoanza kazi ya kunakshi mwaka 1720, alijichongea kadi yake mwenyewe ya kutangaza ufundi. Wakati huo nyumba za mji ule hazikuwa bado na namba, kwa hiyo kadi za wenye maduka zilieleza njia: duka lenye alama fulani, mkabala na jengo fulani. Anayeelekezwa leo Mbagala au Buguruni kwamba ashuke kwenye mwembe, aulizie kwa muuza mkaa, hatashangaa.

Baadaye watu wa tabaka la juu katika Ulaya wakaifanya kadi kuwa lugha kamili. Mgeni aliiacha mlangoni, nayo ikawekwa katika sinia. Kona ikikunjwa, maana yake mwenyewe alifika kwa miguu yake, hakumtuma mtumishi. Mkunjo mmoja wa karatasi ulitosha kusema: nilikuja. Hapo tunaona kwamba kadi haikuwa ghala la taarifa peke yake. Ilikuwa pia ushahidi wa kuja.

Hodi na kaditama

Je, sisi tulikuwa na nini? Tulikuwa na sauti. Mgeni wa Kiswahili hubisha hodi, na akiulizwa ni nani, hujitaja: fulani bin fulani, wa mtaa fulani. Kadi yake ni ulimi wake, na mdhamini wake ni yule amjuaye hapo mtaani.

Lakini shairi lililoandikwa haliwezi kubisha hodi kwa sauti ya mtunzi. Hunakiliwa, hukopeshwa, huchukuliwa na jahazi hadi mji ambao mtunzi hajawahi kuukanyaga. Ndiyo maana washairi wetu wa kale walijitaja ndani ya utungo wenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858, hakuumaliza bila kujitambulisha, kuutaja mji wake wa Pate, na kuweka tarehe ya Hijria, 1275. Jina, mji, tarehe. Aliviweka ndani ya mizani, mahali ambapo mnakili hawezi kuvikata bila kuujeruhi utendi.

Beti ya kufungia shairi twaiita kaditama, na hapa naomba nimzuie msomaji mwepesi wa kuunganisha. Kadi na kaditama si ndugu. Kaditama yatokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya “limekwisha kutimia”. Lakini lugha ina mizaha yake. Aghalabu ni katika kaditama ndimo mtunzi anamojitaja na kutaja aliko, na kwa hiyo beti ile imekuwa kadi ya mshairi kwa kazi, ijapokuwa si kadi kwa nasaba.

Na ambaye hakujitaja, au aliyejitaja kwa watu wa mji wake tu? Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga tungo nyingi za kujibu watu na matukio ya siku zake. Aliaga dunia mnamo 1840. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu, na kama Mwalimu Sikujua asingezikusanya, akimsaidia mmisionari W. E. Taylor, pengine leo tungekuwa tunazisoma kama semi zisizo na mwenyewe. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, miaka mia moja baada ya yeye kuondoka. Muyaka hakuwa na kadi. Kadi yake ilikuwa binadamu mwenye kumbukumbu njema, na si kila mshairi hubahatika kumpata Sikujua wake.

Sanduku la Posta

Magazeti yalipoanza kuchapisha mashairi, desturi ya kujitaja ikapata mapambo mapya. Gazeti la Mambo Leo lilianza Tanganyika mwaka 1923, na baada yake yakaja mengine mengi. Chini ya shairi palikuwa na jina la mtunzi, mara nyingi na lakabu yake, kisha S.L.P. na jina la mji. Nilipokuwa mtoto nilizisoma herufi hizo tatu kama sehemu ya shairi. Nilidhani kila utungo lazima uishie kwa sanduku.

Sanduku lile lilifanya kazi kubwa. Wengi hawakuwa na sanduku lao. Walitumia la shule, la misikiti, la parokia, la duka la Mhindi, la mjomba aliyeajiriwa serikalini. Kwa njia hiyo mkulima wa kijijini alimtupia fumbo karani wa mjini, karani akalifumbua, na mwalimu wa mkoa wa tatu akaja kuwaamua. Malumbano yakachukua miezi. Watu walijuana miaka mingi kwa mizani na vina kabla ya kuonana uso kwa uso, na wengine hawakuonana kabisa. Ikiwa kuna mtandao wa watu uliojengwa kwa jina lililochapishwa karatasini, basi ni ule.

Simu na majina tunayopeana

Kisha ikaja simu ya mkononi, na haki yake lazima ipewe. Tulipojifunza kubipu, tuliiua nusu ya kazi ya kadi kwa siku moja: “nibipu niipate namba yako,” na wote wawili mkawa mnayo. Leo mtu huelekeza kamera kwenye msimbo, na taarifa zote zinaingia. Haikosewi tarakimu, haisahauliki kwenye suruali iliyofuliwa, tena hugharimu kidogo kuliko kwenda kuchapisha kadi 100 ambazo nusu yake zitapitwa na wakati ukibadili laini. Kama kazi ya kadi ni kupitisha namba, basi kijana yule wa kongamano yuko sahihi, na mimi ndiye wa mwavuli wa kiangazi.

Lakini fungua simu yako, msomaji, uyatazame majina uliyoyahifadhi. Mimi nimefungua yangu. Yumo “Fundi Bomba”. Yumo “Mama Asali Soko”. Wamo Juma watatu: “Juma Bodaboda”, “Juma Kanisani” na “Juma Usipokee”. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejiita hivyo. Mimi ndiye niliyewabatiza, kwa haja yangu, siku niliyowahitaji. Katika simu, mpokeaji ndiye ampaye mtu jina. Katika kadi, mtu hujitaja mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti ambayo sikuwa nimeiona hadi iliponigharimu.

Kadi ya mzee

Mwaka 2009, katika mkutano wa washairi, nilikaa karibu na mzee mmoja kutoka mkoa wa Tanga. Tulizungumza mchana kutwa. Tulipoagana, nilimwamkia tena shikamoo, akacheka, akasema shikamoo mbili kwa siku moja ni deni. Akanipa kadi yake. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi, kingo hazikunyooka. Ilikuwa na jina lake kamili, na chini yake lakabu aliyoitumia magazetini kwa miaka mingi, S.L.P. ya shule ya msingi, na namba ya simu ambayo tarakimu yake ya mwisho ilisahihishwa kwa kalamu. Nyuma ya kadi, wakati sisi tukiwa bado tumesimama, aliandika ubeti mmoja wa fumbo. “Nijibu, mwanangu,” aliniambia. “Usiniache na fumbo langu mkononi.”

Niliihifadhi namba yake palepale, na kwa kuwa nilikuwa na haraka, niliandika “Mzee Mkutano”. Kadi niliitia katika kitabu. Jibu nililipanga kulitunga Jumapili ile. Jumapili zikapita. Miaka mitano baadaye simu yangu ilichopolewa katika daladala, na “Mzee Mkutano” akaenda nayo pamoja na wengine mia kadhaa.

Mwaka 2021 nilikifungua kile kitabu, kadi ikadondoka. Nilipiga ile namba, nikajibiwa na msichana ambaye hakumjua mzee wala mashairi. Laini ilikuwa imepata mwenyewe mwingine. Ikabaki S.L.P. Nikaandika barua, barua ya kweli, yenye bahasha na stempu, nikaipeleka kwenye sanduku la shule ambayo sikujua kama mzee bado anajulikana pale.

Baada ya miezi mitatu nilipigiwa simu na mwanawe wa kike. Mwalimu mkuu wa shule ile alilitambua jina na lakabu juu ya bahasha, akamtuma mwanafunzi aipeleke nyumbani. Mzee alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Binti alinieleza kwamba daftari la tungo zake liliingiwa na maji ya mvua, na kwamba familia ilikuwa ikitafuta kwa watu chochote alichowahi kuwaandikia. Nikamsomea ule ubeti wa fumbo. Akanyamaza, kisha akaniomba niurudie polepole aandike. Haukuwamo katika kurasa zilizosalimika.

Nilimtumia picha ya kadi kwa WhatsApp dakika ile ile, na nakiri kwamba bila simu angengoja wiki kadhaa. Lakini wiki iliyofuata nilikwenda posta, nikamtumia na kadi yenyewe kwa rejista. Ilikuwa mwandiko wa baba yake, nami nilikuwa nayo miaka 12 bila kutimiza nilichoombwa. Mimi nimebaki na picha. Jibu la fumbo nililitunga mwishowe, nikalituma pamoja na kadi. Mwenye fumbo hakulisikia.

Wahenga walinena, mali bila daftari huisha bila habari. Nilikuwa nikidhani mali ile ni namba. Kumbe namba ilikwisha kufa zamani. Kilichomfikisha barua yangu hadi mlangoni ni lile jina lake kama alivyopenda kuitwa, na mahali alipojiweka mwenyewe. “Mzee Mkutano” asingefika popote, maana hakuna mwalimu mkuu amjuaye mtu wa jina hilo.

Jibu langu

Basi, je, kadi ya karatasi ina faida bado? Kwa kupitisha namba, la. Simu imeshinda, na tusishindane nayo. Kwa kumwachia mtu jina lako, kwa namna ulivyolichagua na kwa mkono wako, naam, ingali na kazi, hasa kwetu sisi ambao majina yetu hutembea pamoja na tungo zetu. Usizichapishe mia kisha ukazigawa kama karata. Mpe yule uliyezungumza naye. Andika jina lako kamili na lakabu yako. Andika mahali ambapo utajulikana hata laini ikifa: shule, chama cha washairi, sanduku. Acha upande wa nyuma mtupu, uwe na mahali pa kuandika jambo moja la siku hiyo. Na ukipewa ya mwenzako, lihifadhi jina katika simu kama lilivyoandikwa, usimbatize upya.

Yule kijana wa kongamano nimempelekea kadi ile ile aliyonirudishia. Safari hii upande wa nyuma nimeuandika ubeti huu, nami nangoja jibu lake:

Simu leo yatutosha, kwa salamu na uchungu,
Namba hufa ikaisha, wakabaki walimwengu,
Karatasi hukumbusha, jina na nyumbani kwangu,
Naja kujitambulisha, ipokee kadi yangu.

Wasalaam.